Dawa sio feki, fangasi kajenga nyumba kwenye meno ya mama

Salaam mdogo wangu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ngoja niuweke hapa kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini.

Dada huyu yuko Tanga. Mama yake ana miaka 68, anavaa meno ya bandia ya juu mwaka wa sita sasa. Tangu mwaka jana kaakaa lote lile linalofunikwa na meno limekuwa jekundu kama limeungua, na pembeni mwa mdomo panachanika. Ameshatumia nistatini ya matone chupa tatu, vidonge vya flukonazoli mara mbili, kila akimaliza dawa anapumua wiki mbili hivi alafu mambo yanarudi palepale. Daktari wa meno kamwambia kuna "utando wa fangasi" kwenye meno yenyewe, hakufafanua maana foleni ilikuwa ndefu. Sasa anauliza huo utando ni nini, na je duka la dawa linawauzia feki? Alafu mwishoni kaongeza kitu ambacho kimenifurahisha sana, kwamba mume wake ana mashine ya kusaga ya dizeli, juzi fundi kafungua tenki katoa kitu kama kamasi jeusi akasema ni fangasi, na dada anaogopa isije ikawa ndio hiyo hiyo inamrudia mama.

Hilo la mwisho nalimaliza kwanza ili ulale. Hapana. Fangasi wa kwenye dizeli na fangasi wa mdomoni kwa mama ni wawili tofauti kabisa, yule wa dizeli hakai mdomoni kwa mtu na yule wa mama hali dizeli. Ila tabia yao ni moja, na ukiielewa hiyo tabia utajua kwanini dawa inashindwa kwa mama na kwanini filta ya shemeji inaziba kila mara. Kwahiyo nitajibu yote mawili kwa pamoja, nivumilie ni ndefu.

Watu wengi tukisikia fangasi tunawaza kijidudu kimoja kimoja kinachoelea peke yake. Kwenye maabara ndo tunavyomfuga hivyo, kwenye chupa ya supu yake, lakini huko kwenye maisha yake ya kawaida fangasi haishi hivyo. Anatafuta sehemu ya kushika, anashika, anazaana pale pale, alafu wote kwa pamoja wanatoa kitu kama gundi kinawafunika. Ule mkusanyiko pamoja na gundi yake ndo utando, wenyewe kwenye vitabu wanauita bayofilamu. Wewe umeshaushika mara nyingi tu. Ndoo ya maji ikikaa nje wiki mbili, ukipitisha kidole ukutani kwa ndani kuna ule utelezi, huo ni utando, humo wamo bakteria, wamo mwani, na fangasi wamo. Ukimwaga maji na kujaza mapya utelezi unabaki. Ukisuuza unabaki. Mpaka usugue. Hilo la kusugua naomba ulishike maana ndo jibu langu lote.

Sasa kwa mama, mhusika mkubwa kwenye kesi kama hizi anaitwa Candida albicans, nitamwita kandida. Huyu hajatoka mbali, watu wengi wazima tunaishi naye mdomoni na tumboni bila shida yoyote. Kinachomfanya awe hatari ni kwamba ana maumbo mawili. Anaweza kuwa duara kama punje ya hamira, na anaweza kurefuka akawa nyuzi. Hili tunalionyesha wanafunzi kila mwaka na kila mwaka wanashangaa, unachukua kandida kidogo kwa ncha ya kijiti, unamtia kwenye seramu, yale maji ya njano ya damu, kwenye kijichupa, unaweka kwenye joto la nyuzi 37, masaa mawili matatu tu unachukua tone unaliweka chini ya darubini, unakuta yale maduara yameshaota mikia. Kila moja na mkia wake, mrefu, ulionyooka, kama mbegu ya kunde iliyoota kwenye kitambaa chenye maji. Masaa matatu tu. Na joto hilo la 37 ndo joto la mwili wa mama.

Kwahiyo meno ya bandia yakiingia mdomoni inakuwa hivi. Ile plastiki ya waridi, akriliki, kwa macho inaonekana laini lakini kwa karibu ina vishimo na mikwaruzo, hasa ule upande wa ndani unaolala kwenye kaakaa, ule haujang'arishwa. Mate yanaifunika kwa tabaka jembamba la protini. Kandida wa duara anakuja anashika, ndani ya saa moja mbili ameshashika kweli kweli. Alafu anaota nyuzi, nyuzi zinasukana, gundi inaanza kutoka, na ndani ya siku moja au mbili nyumba imekamilika, ina nguzo, ina kuta, ina vijia vya maji ya kupitisha chakula. Mwisho kabisa, juu ya nyumba, wanazaliwa maduara mapya ambayo yanaachia yanaondoka kwenda kushika sehemu nyingine. Hilo la mwisho ndo linalomtesa mama yako. Dawa inasafisha kaakaa vizuri tu, kaakaa linapona, alafu kila asubuhi mama anarudisha mdomoni ile ile nyumba yenye watoto wanaotoka kila siku.

Na hiyo gundi sio uchafu tu. Mwaka 2014 watafiti huko Marekani waliipima gundi ya kandida wakakuta zaidi ya nusu ni protini, kama asilimia 55, asilimia 25 hivi ni jamii ya wanga na sukari, 15 ni mafuta, na asilimia 5 zilizobaki ni DNA iliyomwagika humo nje ya seli. Ni ukuta wenye mchanganyiko wake kabisa, kama fundi anavyochanganya saruji na mchanga.

Sasa dawa. Hapa ndo nataka uache kumlaumu yule wa duka la dawa, ingawa dawa feki zipo na hilo silipingi. Kandida yule yule mmoja, ukimpima akiwa anaelea peke yake flukonazoli inamzuia kwa kiasi kidogo sana, ukimpima akiwa ndani ya utando inaweza kutakiwa mpaka mara 1,000 ya kiasi kile na bado asife. Mara 1,000! Hakuna binadamu anaweza kumeza hiyo. Glasgow kule Uingereza walishaliona hili toka miaka ya 90 walipomfuga kandida juu ya vipande vya mipira ya hospitali, ile inayoingizwa mwilini kwa wagonjwa. Na sababu sio moja. Ile gundi yenyewe inanasa dawa kabla haijafika, kuna aina ya wanga kwenye gundi inaitwa glukani inaishika flukonazoli kama mtego wa panya. Alafu seli zenyewe zikishashika ukuta zinawasha pampu zake, dawa ikiingia inatemwa nje. Alafu chini kabisa ya utando kuna wachache wamelala, hawali hawakui hawafanyi chochote, na dawa nyingi zinamwua anayefanya kazi, aliyelala zinampita. Dawa ikiisha wanaamka. Tena flukonazoli hata kwa kandida anayeelea haimwui moja kwa moja, inamzuia asikue, inategemea kinga ya mwili imalizie. Na kwenye plastiki hakuna kinga ya mwili. Plastiki haina damu mdogo wangu, kidonge anachomeza mama kinapita kwenye damu, kinachofika kwenye meno ni kile kilichomo kwenye mate, na chini ya meno ya juu yaliyobana mate hayapiti vizuri.

Kwahiyo hata ukimpa mama dawa nzuri kuliko zote, meno yasiposhughulikiwa atarudi kwangu mwezi ujao. Daktari wako wa meno alikuwa sahihi kabisa, tatizo ni zile dakika mbili alizokuwa nazo.

Sasa mama afanye nini. Kwanza na kubwa kuliko yote, usiku meno yatoke. Najua hili kwa wazee wetu ni gumu, mtu mzima hataki wajukuu wamuone hana meno, shangazi yangu mimi alilala na meno yake miaka tisa kwa sababu hiyo hiyo na hakuna aliyemwambia. Mwambie kwa heshima, mpe sababu. Japani walifuatilia wazee 524 wenye miaka 85 kwenda juu, matokeo yakatoka mwaka 2015, wale wanaolala na meno ya bandia hatari yao ya kupata nimonia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wasiolala nayo. Kwasababu kile kinachokaa kwenye utando usiku kucha kinavutwa na pumzi kidogo kidogo kinaenda mapafuni. Mama akisikia habari ya mapafu nadhani ataelewa.

Pili kusugua. Brashi yenye nywele laini na sabuni ya maji ya kawaida ya kuoshea vyombo, sio dawa ya meno, dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki na kila mkwaruzo ni shimo jipya la kandida. Asugue hasa ule upande wa ndani ambao watu hawausugui maana hauonekani ukicheka. Asimamie juu ya beseni lenye maji, yakimponyoka yasivunjike. Akimaliza apitishe ukucha pale ndani, kama ukucha unateleza kama umepita kwenye ute wa bamia bado hajamaliza, arudie mpaka ukucha ukwame kidogo, usikie plastiki yenyewe.

Tatu kuloweka. Kama meno hayana chuma chochote, jiki ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki na vipimo 6 vya maji, ndo kipimo kile kile cha 1 kwa 6 tunachotumia hospitali, inakuwa nusu asilimia, loweka dakika 10 zisizidi, alafu suuza sana kwa maji mengi. Soma kwanza kibandiko cha chupa maana asilimia zinatofautiana. Kama kuna chuma, hata kile kijiwaya kidogo, jiki itakila, hapo muulize daktari akupe dawa nyingine ya kulowekea. Klorheksidini, ile dawa ya kusukutua mdomo, inafaa, ila isikutane na nistatini mdomoni kwa wakati mmoja, zinauana nguvu, ziachane angalau nusu saa. Nimeona watu wanasukutua hii wanafuatisha ile papo hapo wakidhani wanaongeza nguvu kumbe wameziua zote mbili. Baada ya hapo usiku meno yalale kwenye maji safi. Usiyachemshe, nakuomba, akriliki inapinda kwenye maji ya moto na meno yaliyopinda yanachubua, na pale palipochubuka ndo kandida anapopapenda.

Nne ile nistatini irudi, lakini safari hii kwa utaratibu. Meno nje, matone mdomoni, azungushe azungushe kwa dakika kadhaa kabla ya kumeza, mara nne kwa siku, na aendelee siku mbili baada ya wekundu kuisha, asiache siku ile ile anapojisikia nafuu. Kuna watu wanaitumia wakiwa wamevaa meno, dawa inapita juu ya plastiki inaenda tumboni, kaakaa halijaionja hata tone. Na kama mtaandikiwa jeli ya maikonazoli badala yake, mwambie daktari mapema kama mama anatumia dawa ya kuyeyusha damu inayoitwa wafarini, hizo mbili hazikai pamoja, damu inaweza kumwagika ndani. Hii sio ya kupuuza.

Na mpimeni sukari. Hili hukulitaja kwenye ujumbe na mimi kwa umri wake ningeanza nalo, sukari ikiwa juu kandida anakula na kusaza. Kama anatumia pampu ya pumu asukutue maji kila akimaliza kuvuta. Pale panapochanika pembeni mwa mdomo panaweza kuchangiwa na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, na panaweza kusababishwa na meno yenyewe kulegea, taya linafunga chini zaidi ya kawaida na mate yanakaa kwenye kona, kwa meno ya miaka sita hilo linawezekana sana.

Haya, shemeji na dizeli yake.

Fundi wake kasema kweli, na asimbadilishe huyo fundi. Kuna fangasi anakula mafuta, anayejulikana zaidi anaitwa Amorphotheca resinae, zamani walimwita fangasi wa mafuta ya taa. Dizeli na mafuta ya taa ni minyororo ya kaboni, na huyu bwana anapenda ile ya kaboni 10 mpaka 16 hivi, kwake ni chakula kama kingine. Ila kuna kitu kimoja hawezi kukikwepa, lazima apate maji. Ndani ya dizeli kavu anaweza kukaa mbegu zake tu bila kuota. Sasa tenki likiwa nusu, usiku linapoa, hewa ya humo inaacha jasho kwenye kuta, na kwa hewa ya Tanga jasho sio haba, yale matone yanashuka chini maana maji ni mazito kuliko dizeli. Baada ya miezi kuna kidimbwi chini ya tenki. Na pale pale kwenye mpaka, maji chini chakula juu, ndo anajenga.

Muambie shemeji afanye jaribio hili, halina gharama. Achote kile cha chini kabisa ya tenki, kupitia kile kizibo cha kumwagia kama kipo, atie kwenye chupa ya glasi nyeupe, aiache itulie nusu saa asiitikise. Ataona maji chini, dizeli juu, na katikati kama kuna ngozi ya kahawia au nyeusi imening'inia kama utando wa maziwa yaliyopoa, ndo huyo. Akiinamisha chupa ngozi inainama nayo bila kukatika. Vipande vyake vikinyofoka vinaenda kwenye filta na ndo hapo mashine inakohoa na kuzima katikati ya gunia la mtu. Na wakati anakula anatoa asidi, asidi inakula chuma cha tenki taratibu kutokea chini, kwahiyo tenki linaweza kutoboka ukasema ni uzee.

Hili sio la mashine za kusaga tu. Jeshi la anga la Marekani lilihangaika nalo sana miaka ya 50 na 60 kwenye ndege, matenki ya mbawa yalikuwa yanaota utando mle ndani, filta zinaziba, alumini inaliwa. Suluhisho lao kubwa lilikuwa lile lile, toa maji. Na shemeji afanye hivyo hivyo, amwage maji ya chini kila wiki, tenki akiliacha usiku liwe limejaa ili hewa ya kutoa jasho iwe kidogo, na safari hii ya kwanza tenki lishushwe lisuguliwe kabisa mpaka chuma kionekane, filta mpya. Dawa za kuua vidudu kwenye mafuta zipo, lakini akiimwaga juu ya utando mzee bila kusugua itaua wa juu, wa chini watabaki, na maiti za wa juu zitaenda kuziba filta. Unaona ni kesi ya mama kabisa, tofauti ni ukubwa wa brashi.

Nimeandika mengi lakini kuna sehemu moja siwezi kuiacha maana ndo inayonikosesha usingizi mimi, hospitali. Ile mipira tunayowekea wagonjwa mahututi kwenye mishipa mikubwa ya shingoni au kifuani, ile nayo ni plastiki, ipo kwenye joto la 37, na damu yenye chakula inapita siku nzima. Kandida akishika pale hayuko mdomoni tena, yuko mlangoni mwa moyo. Tunapoletewa ncha ya mpira maabara tunaibiringisha juu ya sahani ya chakula cha vijidudu, kwenda na kurudi, kesho au keshokutwa ukifungua unakuta koloni nyeupe, yaani vijirundo vya fangasi, zimejipanga kufuata ile njia mpira ulipopita, kama vichwa vya pini vimechomekwa kwenye mstari. Mara ya kwanza naiona hiyo nilikuwa kijana, mgonjwa alikuwa anapewa flukonazoli siku ya nane, homa haishuki, na mpira ule ule ulikuwa bado shingoni. Ulipotolewa, na dawa ikabadilishwa, siku ya tatu homa ilishuka. Sijasahau. Ndo maana miongozo ya tiba inasema fangasi akionekana kwenye damu na mpira ndo unashukiwa, mpira utoke mapema iwezekanavyo, na dawa iendelee siku 14 kuanzia siku damu ilipoonekana safi, na macho yakaguliwe pia maana huwa anaenda huko. Kuna kundi la dawa kama kaspofungini zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye utando kwasababu zinagonga ile glukani yenyewe, tatizo kwetu ni bei na upatikanaji.

Na kuna ndugu yake kandida anaitwa Candida auris, alitambuliwa mwaka 2009 kutoka kwenye sikio la mgonjwa Japani, leo ameshafika mabara karibu yote, hospitali za Nairobi zimeshakutana naye kwenye damu za wagonjwa. Huyu anakaa kwenye chuma cha kitanda wiki kadhaa akiwa hai, na flukonazoli mara nyingi haimtishi hata akiwa anaelea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari, 19 kwa jumla, wanne waliwekwa kundi la juu kabisa, na huyu yumo, na kandida wa mama naye yumo. Kwahiyo ukienda kumuona mgonjwa, nawa mikono kabla na baada.

Wanne hao yumo pia Aspergillus fumigatus, na huyu namtaja kwa ajili ya wale ambao kwenye familia kuna mtu aliwahi kuugua TB akapona. TB ikiacha shimo kwenye pafu, hilo shimo ni nyumba tupu yenye unyevu, fangasi anaingia na pumzi anashika ukuta anajenga, mpaka wakati mwingine anakuwa donge. Gulu, kaskazini mwa Uganda, waliwafuatilia watu waliotibiwa TB, kati ya wale waliobaki na mashimo mapafuni asilimia 26 walikutwa na ugonjwa huu wa fangasi, na kati ya wasio na mashimo hata asilimia 1 haikufika. Wengi wa aina hii wanarudi wanakohoa, wanakohoa na damu, wanapewa tena dawa za TB wakati TB haipo. Ukimjua mtu wa namna hiyo, makohozi hayaonyeshi TB lakini haponi, mwambie aulizie fangasi.

Nisikufanye uchukie fangasi wote lakini. Ile ndimu ya unga tunayotia kwenye mabuyu na achari, karibu yote duniani inatoka kwa kuvu mweusi anayeitwa Aspergillus niger, sio kwenye ndimu. Zamani ilikuwa inatolewa kwenye malimau ya Italia, mwaka 1917 mwanakemia James Currie akaonyesha kuvu anaitoa vizuri kwenye maji ya sukari, mwaka 1919 kiwanda kikaanza Brooklyn, na namna ya mwanzo ilikuwa masinia mapana yenye maji ya sukari kina kifupi, juu yake kuvu anatanda utando mweupe uliojikunja kunja, chini yake sukari inageuka kuwa asidi. Utando ule ule, safari hii umeajiriwa. Na kwenye vijito vya milimani kama huko kwenu Usambara, jani likidondoka majini wadudu wa mtoni hawalili hivi hivi, ni gumu na halina kitu, mpaka fangasi wa majini walitande na kulilainisha, jani linakuwa ugali na fangasi ndo mboga, wadudu wanakula, samaki wanakula wadudu. Bila ule utelezi juu ya jani kijito kingekuwa na njaa.

Turudi kwa mama. Kama baada ya wiki mbili za kutoa meno usiku, kusugua, kuloweka na nistatini ya utaratibu wekundu haujapungua, mrudishe kwa daktari wa meno na umuombe vitu viwili. Kwanza aangalie kama meno bado yanamkaa, yakiwa yanacheza yarekebishwe kwa ndani au yatengenezwe mapya, maana akriliki ya miaka sita yenye mikwaruzo haisafishiki kikamilifu hata ufanyeje. Pili, kipimo cha maabara, wakichukua kwa pamba wasichukue kwenye kaakaa peke yake, wachukue na kwenye ule upande wa ndani wa meno, hapo ndo fangasi walipo wengi, nimeona majibu ya "hakuna fangasi" kwa sababu tu pamba ilipita sehemu isiyo yenyewe. Siku hiyo asubuhi mama asisugue meno wala kuyaloweka, ayavae hivyo hivyo mpaka kwa daktari, na asiwe ametumia nistatini. Wapimaji wajue na flukonazoli alishameza mara mbili, mwandikie kwenye karatasi na tarehe zake, ili wakimpata waangalie na dawa gani bado inamshika.